Njia moja, siku moja: saruji alfajiri, tope mchana

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi na rafiki zangu wawili tumepanga kupanda mlima mwishoni mwa Aprili. Njia tunaijua. Agosti mwaka jana tuliimaliza kwa saa sita kwenda na kurudi, kilomita 14, kupanda mita 900, na tulivaa raba tu. Sasa hivi bondeni maua yamechanua, joto ni nyuzi 16, watu wanatembea na fulana. Nimewauliza watu wawili waliopita huko Jumapili. Mmoja kaniambia theluji ni ngumu kama saruji, tusithubutu kwenda bila kramponi, yale meno ya chuma yanayofungwa chini ya buti. Mwingine kasema alikuwa anazama mpaka kiunoni, kramponi hazina kazi yoyote, tutafute viatu vya theluji, vile vipana vinavyofungwa chini ya buti. Njia ileile, siku ileile. Nani anatudanganya, na tubebe nini?

Jibu: Hakuna aliyekudanganya, ndugu yangu. Wote wawili wamesema kweli, ila wote wamesahau kukutajia saa. Wa saruji, nadhani, alipita hapo kabla ya saa tatu asubuhi. Wa kiunoni alikuwa anarudi saa nane au saa tisa mchana. Ukionana nao tena waulize saa, halafu waulize usiku wa kuamkia Jumapili ulikuwaje: nyota zilionekana, au mawingu yalitanda?

Watu wengi wakitaka kujua hali ya mlima majira ya kuchipua huuliza kina cha theluji na joto la mchana. Mimi nauliza habari za usiku. Nikishajua usiku, nusu ya maswali yako nimeyajibu.

Theluji ya Januari na theluji ya Aprili ni kama vitu viwili tofauti. Ile iliyoanguka jana wakati wa baridi kali ni chembe kavu na nyepesi. Mita moja ya ujazo yaweza kuwa na kilo 100 au pungufu. Ya Aprili imeyeyuka na kuganda mara nyingi mno. Chembe zake zimegeuka punje za mviringo, mfano wa chumvi ya mawe, na mita ileile ya ujazo sasa ina kilo 400 mpaka 600. Mchana jua likiipiga, maji yanajipenyeza kati ya punje na mshikamano wake unalegea. Usiku maji hayo yakiganda, punje zinashikana na uso mzima unakuwa bamba moja.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba kuganda huko hakufuati kipimajoto peke yake. Uso wa theluji unatoa joto kwenda angani usiku kucha. Anga likiwa wazi na hewa ikiwa kavu, joto hilo linakwenda moja kwa moja, na theluji inaweza kuganda hata kama hewa iliyo juu yake ni nyuzi mbili au tatu juu ya sifuri. Mawingu yakitanda yanakuwa blanketi: joto linarudishwa chini, na theluji inaamka imelowa vilevile ilivyolala. Kwa hiyo usiku wa nyuzi 1 wenye mawingu unaweza kukuachia tope, na usiku wa nyuzi 3 wenye nyota ukakuachia sakafu. Mtu anayesoma tarakimu ya joto tu kwenye simu yake atapigwa chenga hapo kila mara.

Na zile nyuzi 16 za bondeni? Kwa makadirio, joto hupungua kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ninyi mnapanda mita 900, basi kileleni ni kama nyuzi 10. Utasema: nyuzi 10, theluji inafanya nini huko? Inakaa, na itakaa wiki kadhaa bado. Kuyeyusha kilo moja ya barafu kunakula joto lile lile ambalo lingeweza kuipandisha kilo moja ya maji kutoka nyuzi sifuri mpaka 80. Mlima uliorundika theluji miezi mitano hauwezi kulipa deni hilo kwa wiki moja ya jua. Tena theluji mpya inaurudisha mwanga mwingi, asilimia 80 hadi 90, badala ya kuunyonya. Inaanza kuyeyuka kwa kasi inapochakaa na kuchafuka, ikajaa majani makavu, vumbi, na mahali pengine vile vijidudu vya mwani vinavyoigeuza rangi ya waridi. Ukiiona hiyo ya waridi usishtuke, si damu ya mtu.

Sasa nikuonyeshe siku yenyewe inavyokwenda, tukichukulia usiku ulikuwa na nyota.

Saa kumi na moja alfajiri unashuka garini na kupiga kisigino kwenye theluji. Kinalia *ko*, kinaacha mkwaruzo mweupe basi. Fimbo ukiichomeka inadunda. Hapo mtu mwenye raba hafiki hata mita 50 kwenye mteremko bila kuketi chini kwa lazima, lakini mwenye meno ya chuma miguuni anakwenda haraka kuliko Agosti, kwa sababu mawe na mizizi yote imefunikwa na unatembea juu ya barabara. Hizo ndizo saa za dhahabu. Kuanzia saa tatu, kwenye miteremko inayotazama mashariki, sentimita mbili tatu za juu zinalainika. Buti linashika vizuri, chini bado ni kugumu. Hali hii ni tamu, na ndiyo inayowapoteza watu, kwa sababu wanadhani itadumu. Kufika saa tano au sita, ukoko wa juu hauwezi tena kukubeba. Unakanyaga, unasimama nusu sekunde, halafu unatumbukia.

Kutumbukia huku kunaonekana jambo la kuchekesha mpaka likukute. Miaka mingi iliyopita niliwapeleka watu watatu, tukachelewa kuondoka kwa sababu mmoja alisahau glavu akarudi kuzifuata, nami sikuwa na ubavu wa kusema safari imeahirishwa. Wakati wa kurudi, mnamo saa nane, tulikuta mita kama 400 za mwisho kabla ya msitu zimeharibika kabisa. Mguu wangu wa kulia ulizama mpaka nyonga, ukaingia katika uwazi ulio kandokando ya jiwe, na buti likabanwa huko chini. Nilivuta, wapi. Theluji iliyolowa ilikuwa inamiminika shimoni kila nikitikisika, na dakika haikupita kabla haijaanza kushikana kama zege kuzunguka kifundo cha mguu. Tulichimba kwa mikono na kwa sahani ya bati dakika 20. Mwenzangu aliyekuwa nyuma alichubuka ugoko wote, maana ukingo wa ukoko uliovunjika unakata kama bati. Mita hizo 400 zilitula saa moja na nusu. Tangu siku hiyo sina aibu ya kumwambia mtu tumechelewa, turudi.

Mashimo mabaya zaidi hayako kila mahali. Jiwe na shina la mti vinanyonya joto la jua na kuyeyusha theluji iliyo jirani, kwa hiyo kandokando yake pana uwazi ambao juu unaonekana mzima. Miti mifupi ya jamii ya misonobari iliyofunikwa kabisa ndiyo mitego zaidi: matawi yanashikilia theluji juu, chini kuna chumba kitupu. Ukiona ncha ya mti imechungulia kidogo kwenye theluji tambarare, ipishe kwa mita mbili.

Katika msitu utakutana na kitu kingine: njia yenyewe imebaki kama ukuta mwembamba wa theluji ngumu, upana wa mabega, umeinuka juu ya ardhi iliyokwisha kuyeyuka pembeni. Hiyo ni kazi ya buti za wapandaji wa msimu mzima. Theluji iliyokanyagwa sana huyeyuka mwisho. Alfajiri ukuta huo ni barafu tupu na mgongo wake umebinuka kama wa punda. Mchana unabomoka pembeni. Tembea katikati, polepole, na vumilia. Ukishuka pembeni kukwepa unazama, na unawaachia wanaokufuata mashimo ambayo usiku yataganda na kuwa mitego ya kuvunja vifundo. Katika eneo la High Peaks la milima ya Adirondack, jimbo la New York, jambo hili limewekewa kanuni kabisa: theluji ikizidi inchi 8, yaani kama sentimita 20, kuvaa viatu vya theluji au ski (mbao ndefu za kutelezea) ni lazima.

Hilo linanileta kwenye mabishano ya wale jamaa zako. Kramponi au viatu vya theluji? Kila kifaa kina saa yake.

Ile minyororo ya mpira yenye meno mafupi unayoivalisha juu ya buti yoyote ni kifaa kizuri kwa msitu na kwa njia ya mteremko mpole. Naivaa mimi mwenyewe pengine siku nyingi kuliko kifaa kingine. Ubaya wake ni kwamba inampa mtu ujasiri asiostahili. Meno yake ni ya sentimita moja hivi. Kwenye mteremko mkali na mgumu mpira unavutika, mnyororo unazunguka kwenye buti, na wewe unakwenda. Kwenye mteremko wa namna hiyo kinachotakiwa ni kramponi halisi, fremu ya chuma yenye meno 10 au 12, kwenye buti lenye soli ngumu isiyopinda, pamoja na shoka la barafu. Na shoka lisilo na mafunzo ni uzito wa bure. Kujizuia kwa shoka ukishateleza kunajifunzwa mahali ambapo chini ni tambarare na hapana mawe, mara 20, 30, mpaka mwili ufanye bila kuulizwa. Sababu ni kwamba kwenye theluji iliyoganda, mteremko wa digrii 35, na suruali ya nailoni, una sekunde mbili au tatu tu kabla mwendo haujakuzidi nguvu.

Mara theluji inapolainika, kramponi zinaanza kubeba madonge. Theluji mbichi inajaa chini ya meno mpaka unatembea juu ya mipira, na meno hayagusi kitu. Gonga kila hatua chache kwa mpini wa shoka, na ikizidi zivue. Wala usiketi ukateleza kwa makalio kushuka ukiwa umevaa kramponi, hata kama wengine wanafanya. Jino likinasa, kifundo cha mguu kinavunjika kabla hujapiga kelele.

Viatu vya theluji, vile vipana vinavyosambaza uzito, ni vya hali ya yule jamaa wa kiunoni. Vinapunguza kuzama, haviondoi. Kama mtarudi kabla ya theluji kulainika hamvihitaji. Kama kuna uwezekano wa kuchelewa, vifungeni mgongoni. Mimi nikiwa na shaka navibeba na kuvilalamikia njia nzima.

Kabla ya kifaa chochote, kuna swali moja ninalotaka mjiulize kila mnapofika kwenye mteremko wa wazi: nikiteleza hapa, nitaishia wapi? Kama jibu ni uwanja tambarare wa theluji, kosa ni la kucheka. Kama ni mawe, miti au genge, basi hata mteremko mfupi wa hatua 10 unastahili kramponi, au unastahili kuachwa. Agosti njia yenu huenda inapinda huku na huko kupunguza ukali. Aprili mapindo hayo yamezikwa, na kilichobaki ni uso mmoja ulioinama ambao hamjawahi kuuona. Alama zilizopakwa rangi kwenye mawe nazo ziko chini. Nyayo za waliotangulia si ushahidi. Nimewahi kufuata nyayo dakika 40, zikaishia mahali ambapo mwenyewe aligundua amepotea akarudi. Ramani ya simu pakua kabla, na simu ikae mfuko wa ndani, kwa kuwa baridi inaua betri.

Maporomoko ya theluji. Najua mnadhani hayo ni mambo ya Januari. La. Mengi hutokea kwenye miteremko ya digrii 30 mpaka 45, na ya majira ya kuchipua yana tabia yake: maji yanapenya chini, yanalegeza tabaka, na uzito mkubwa wa theluji iliyolowa unaachia. Hayana kasi ya yale makavu, lakini uzito wake ni wa zege. Kumbukeni pia kwamba si lazima ninyi mtembee kwenye digrii 35. Inatosha ziwe juu yenu. Njia inayopita chini ya bonde la wazi, palipolala miti iliyovunjika yote kuelekea upande mmoja, ni njia inayopita kwenye mfereji wa maporomoko. Dalili za kuondoka ni hizi: vijipira vya theluji vinavyojiviringisha vyenyewe kushuka, buti kuzama kupita kifundo kwenye mteremko mkali, nyufa zilizopinda kama mdomo uliofunguka, mvua juu ya theluji, au usiku mbili tatu mfululizo bila kuganda. Moja tu kati ya hizo inatosha kunifanya nigeuke.

Milima mingi yenye wapandaji ina taarifa ya hatari ya maporomoko, yenye ngazi 1 mpaka 5. Msisome ngazi ya 3 kama alama ya mtihani, kwamba ni katikati hivyo si mbaya. Ngazi hazipandi kwa usawa, na 3 tayari ni hatari kubwa kwa mtu asiye na mafunzo. Majira haya taarifa nyingi zinasema 1 au 2 asubuhi na kupanda kuanzia adhuhuri. Ni habari ileile ya usiku na mchana, imevaa namba. Na mara nyingi taarifa hizo husimamishwa theluji ikiwa bado ipo. Ukurasa ukiwa kimya usidhani mlima umetulia.

Kwenye migongo ya mlima kuna upenu: theluji iliyojengwa na upepo ikatokeza nje juu ya hewa tupu, kama upenu wa nyumba. Ukiwa juu yake huoni kwamba uko nje ya ukuta. Ukikatika, haukatiki pale ukingoni unapopatazama. Unakatika nyuma zaidi, wakati mwingine mita kadhaa ndani. Tembea upande ule mawe yanapoonekana.

Maji ndiyo ninayoyaogopa kuliko vyote, na ndiyo yasiyoulizwa na mtu. Kijito mlichokiruka Agosti kwa hatua moja sasa kinabeba theluji ya mlima mzima. Kinafuata saa vilevile: jua linayeyusha mchana, maji yanachukua saa kadhaa kushuka, kwa hiyo kilele cha mafuriko ni alasiri na jioni, na maji ni machache kabisa alfajiri. Umeona mtego? Asubuhi mnavuka maji ya kifundo, mnasahau kabisa kwamba mlivuka kitu. Saa kumi jioni, mmechoka, mmelowa, gari liko ng'ambo, na maji ni ya mapajani, ya kahawia, yanabingirisha mawe ambayo mnayasikia yakigongana chini. Maji ya kasi yanayofika magotini tu yanaweza kumwangusha mtu mzima.

Mkilazimika kuvuka, tafuteni mahali kijito kilipotanuka na kugawanyika, si pembamba. Pembamba pana kina na kasi. Fungueni mkanda wa kiunoni wa begi, ili ukianguka uweze kulivua. Buti zibaki miguuni. Uso uelekee maji yanakotoka, fimbo mbele yako kama mguu wa tatu. Na angalia chini ya kivuko pana nini, swali lilelile la kuishia wapi. Gogo lililolala juu ya maji alfajiri lina ngozi ya barafu isiyoonekana. Daraja la theluji juu ya kijito, lililotubeba wote asubuhi, mchana limeliwa kwa chini. Ukiliona limebonyea katikati, au limegeuka kijivu, au ukisikia maji yanavuma chini ya miguu yako, achana nalo. Nimelala nje usiku mmoja upande usio wangu wa kijito kwa kukataa kuvuka. Nilitetemeka, nikawatukana wahenga wote, na saa kumi na mbili asubuhi nikavuka maji ya kifundo.

Mengine nitayapitia haraka. Jua: miale inayochoma huongezeka kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000, na theluji inairudisha kutoka chini, kwa hiyo mtu anaungua chini ya kidevu na ndani ya pua, hata mwenye ngozi nyeusi. Miwani ya giza iliyoziba pembeni ni ya lazima. Macho yaliyoungua hayaumi pale pale, yanauma usiku kama yamemwagiwa mchanga. Nguo: pamba ikilowa inakaa imelowa, na mtu aliyelowa kwenye upepo anaweza kushuka chini ya nyuzi 35 za mwili hata hewa ikiwa nyuzi 10. Bebeni soksi kavu na koti la kuzuia upepo hata kama bondeni wanavaa fulana. Upepo wa kilomita 372 kwa saa, uliopimwa kileleni Mount Washington, Marekani, mwaka 1934, haukupimwa Januari. Ulipimwa tarehe 12 Aprili.

Na matope. Chini ya mstari wa theluji, udongo umejaa maji kwa sababu ardhi ya chini bado imeganda na haiyapitishi. Pitia katikati ya tope, usitanue njia kwa kukwepa. Baadhi ya mamlaka huomba watu wasipande kabisa njia za juu katika wiki hizi; wakiomba, waheshimuni.

Sasa safari yenu. Kanuni ya zamani ya Naismith, mpanda milima wa Uskoti, ya mwaka 1892, inasema kilomita 5 kwa saa, na saa moja ya ziada kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 14 na mita 900 inatoa saa nne na dakika 20 hivi bila mapumziko. Pamoja na kula na kupiga picha, ndizo saa sita zenu za Agosti. Aprili wekeni saa tisa, na jueni kwamba sehemu ya polepole ni ya mwisho, theluji ikiwa imeoza na miguu imechoka. Mkiondoka saa kumi usiku kwa taa za kichwani, mtafika kileleni kama saa tatu au nne asubuhi na theluji ya juu mtakuwa mmeiacha saa sita. Mkiondoka saa tatu, baada ya kifungua kinywa, mtakuwa yule jamaa wa kiunoni.

Juma lote kabla ya safari, msitazame mchana. Tazameni utabiri wa usiku: joto la chini kabisa kwenye kimo cha kilele, na mawingu. Angalieni pia picha za setilaiti za Sentinel-2, ni za bure na hupigwa kila siku tano hivi. Mkipata siku isiyo na mawingu mtaona wenyewe theluji inaanzia wapi. Kwenye ramani pimeni digrii za miteremko ya wazi, yenu na iliyo juu yenu. Mkikuta sehemu inayozidi 30 ambayo haina njia ya kuizunguka, na hakuna hata mmoja wenu aliyefundishwa shoka na kramponi, basi mwisho wa safari yenu ni hapo, chini yake. Kaeni, mle, mrudi. Au muajiri mwongozaji anayeujua mlima huo.

Mkifika maegesho, pigeni kisigino. Kikilia *ko*, endeleeni. Kikizama mpaka kifundo na bado ni giza, theluji haikuganda usiku huo na haitaganda mchana. Chagueni njia ya chini msituni, ambayo mnatakiwa muwe mmeshaichagua siku moja kabla, maana hakuna anayechagua vizuri akiwa na usingizi na hasira. Na kramponi zijaribuni nyumbani, kwenye buti zilezile mtakazovaa, na glavu mkononi. Mara ya mwisho niliyokodi za mtu mwingine, niligundua maegeshoni, kwenye mwanga wa taa ya kichwani, kwamba mkanda wa mguu wa kushoto ni mfupi kwa tundu mbili.